Uso wa Tano wa Dadu

Katika nchi ya Walunda, mtu aliyetawazwa juzi anaweza kukusimulia jinsi alivyopigana na Wachokwe walipoiteka Musumba, mji mkuu wa mfalme wetu, miaka ya 1880. Hasemi kwamba babu yake alipigana. Anasema "nilipigana". Anasema "nilimpa mdogo wangu ardhi ile ya ng'ambo", na huyo mdogo yupo, ameketi mkekani, mzee wa mvi anayemzidi umri kwa mbali, anaitikia kwa kichwa. Anayerithi cheo hurithi jina lake, na pamoja na jina hurithi undugu wote wa waliomtangulia. Vyeo viwili vikishakuwa kaka na mdogo, vitabaki hivyo hata kama wanaovikalia leo hawana tone la damu moja. Ian Cunnison aliyaandika hayo kwa Walunda wa Luapula katika miaka ya 1950, na Manuela Palmeirim, aliyekaa na Waruund, yaani Walunda wenyewe wa huku kwetu, alitoa kitabu kizima juu ya wafalme wetu na undugu wao wa kudumu mwaka 2006. Sisi tuliokulia humo hatukuhitaji kitabu ili kujua kwamba mfu anaweza kukudai.

Nimezaliwa Sandoa, kando ya mto Lulua, nimefundisha hesabu hapa mpaka nikastaafu, na Jumapili nyingi nahubiri katika Kanisa la Methodisti mchungaji anapokuwa njiani kwenda kwenye vituo vya mbali. Kwa hiyo ile "nilipigana" inanisumbua kwa pande mbili. Mhubiri anauliza: kama wewe ndiye uliyepigana, dhambi ya vita hivyo ni ya nani? Mwalimu wa hesabu anauliza swali jembamba zaidi: hatua ya leo inabebwa kiasi gani na hatua zilizopita? La pili angalau lina jibu, na nimeona kwamba ukilijibu vizuri, la kwanza nalo linasogea.

Aliyenitoa kwenye raha ya kuyawaza tu ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Alikuwa anajiandaa kwenda Kolwezi kuwa krezeri, mchimbaji wa kobalti. Baba yake alichimba, kaka yake alichimba. Nilipomwomba amalize shule kwanza alinijibu kwa upole, maana kwetu kijana hamjibu mjomba kwa ukali: "Mjomba, njia yenye baba alipita, na yaya alipita, mimi nitapita wapi ingine? Mungu alishaandikaka."

Mahubiri ninayo ya kumjibu, lakini alikuwa ameyasikia yote akiwa kwenye kiti cha kwanza kanisani. Nikaamua kumjibu kwa upande wangu mwingine.

Swali lake si geni kwa wanahisabati. Waliwahi kuligombania kama kanisa. Huko Urusi alikuwapo Pavel Nekrasov, aliyesoma seminari kabla ya kugeukia hesabu huko Moscow, muumini wa kweli. Mwaka 1902 alitoa hoja hii: takwimu za ndoa, uhalifu na vifo hutulia mwaka baada ya mwaka; na ili idadi zitulie hivyo, sharti kila tendo lisimame peke yake bila kutegemea jingine, basi matendo ya watu hayategemeani, na hapo ndipo penye hiari tuliyopewa na Mungu. Hoja tamu, nakiri ningeipenda iwe kweli. Andrey Markov wa Saint Petersburg, ambaye mwaka 1912 aliandikia Sinodi Takatifu akiomba atengwe na Kanisa, hakuipenda hata chembe. Mwaka 1906 alionyesha kwamba matukio yanayotegemeana nayo yanaweza kutulia vilevile. Mwaka 1913 akachukua herufi 20,000 za shairi la Pushkin, Eugene Onegin, akazihesabu kwa mkono: irabu zilikuwa 43 katika kila mia. Lakini baada ya irabu, irabu nyingine ilifuata mara 13 tu katika mia; baada ya konsonanti, mara 66. Kila herufi inaikumbuka iliyo nyuma yake, na bado idadi nzima imetulia. Kutulia kwa takwimu, basi, hakuthibitishi uhuru wala utumwa.

Kwa hesabu, Markov alishinda. Ila naona Nekrasov ndiye aliyekuwa na swali zuri zaidi, na mshindi hakulijibu. Alilifukuza tu mlangoni. Isitoshe, mnyororo wa Markov una kumbukumbu fupi mno: unakumbuka hatua ya mwisho tu. Chifu wa Kilunda anakumbuka zote.

Anayekumbuka zote alikuja kuandikwa baadaye sana. Mwaka 2004 wanafizikia wawili wa Ujerumani, Gunter Schütz na Steffen Trimper, walimbuni tembo. Tembo wao yuko kwenye njia moja iliyonyooka, mashariki au magharibi, na kila siku anapiga hatua moja. Kabla ya kuipiga anaokota siku mojawapo ya maisha yake, yoyote ile, siku ya kwanza ikiwa na nafasi sawa na jana. Anatazama siku hiyo alielekea wapi. Halafu anapiga kura: aifuate, au afanye kinyume chake. Hasahau hata hatua moja. Kitu pekee kinachomtenganisha tembo mmoja na mwingine ni kadiri anavyotii kile anachokikumbuka.

Nilimchezesha mpwa wangu na wenzake wawili watatu mchezo huo uani, kwa maharage na dadu ya ludo. Harage jekundu ni mashariki, jeupe ni magharibi. Tia moja jekundu kwenye sufuria: hiyo ndiyo siku ya kwanza. Chota harage bila kutazama, tupa dadu. Dadu ikisema tii, lirudishe na uongeze jingine la rangi ileile. Ikisema kataa, lirudishe na uongeze la rangi nyingine. Erich Baur na Jean Bertoin walionyesha mwaka 2016 kwamba hesabu ya tembo na hesabu ya vyungu vya namna hii ni moja. Dada yangu, mwenye maharage, aliuliza kama hesabu hiyo itayapika pia.

Sufuria ya kwanza ilikuwa na sheria ya nyuso nne: ikitoka moja hadi nne, tii, tano na sita, kataa. Sufuria ya pili ilikuwa na sheria ya nyuso tano: ni sita tu inayokataa. Uso mmoja wa dadu ndio tofauti yote. Kwa maharage machache huoni mengi, ila hesabu inakwenda mbali kuliko mikono ya watoto. Chukua tembo aliyeanza kwa hatua ya mashariki, mpe hatua 10,000, yaani miaka 27 ya hatua moja kila siku. Tembo wa nyuso nne, kwa wastani, ile hatua ya kwanza imemsogeza mashariki hatua 24 hivi. Lakini bahati ya njiani inamtupa huku na huku kwa kiasi cha hatua 170. Ukimkuta, huwezi kukisia alikoanzia kuelekea. Mwache afike hatua milioni: urithi wa siku ya kwanza ni hatua 112, na bahati ni 1,700. Asili yake haijafutika, imezama tu.

Sasa tembo wa nyuso tano. Baada ya hatua 10,000 siku ya kwanza imemsogeza hatua 514 kwa wastani, na bahati inamtawanya kwa 655. Baada ya milioni, 11,000 kwa 14,500. Uwiano ni karibu uleule, na hautashuka tena kwa kiasi cha maana hata akiishi milele. Si kwamba hana bahati. Anayo tele, na wako tembo wa nyuso tano walioanza mashariki wakaishia magharibi kabisa. Lakini asili inakua naye, siku kwa siku, na hakuna umri utakaoizamisha.

Mpaka kati ya hao wawili ni kutii mara tatu katika nne, yaani robo tatu. Chini yake, anayekumbuka kila kitu hutawanyika kwa mwendo uleule wa mtu asiye na kumbukumbu yoyote, yule ambaye Karl Pearson aliuliza habari zake mwaka 1905, na ambaye baada ya hatua 10,000 huwa kama hatua 100 tu kutoka alipoanza. Anatofautiana naye kwa kizidisho fulani tu. Juu ya robo tatu ni maisha ya namna nyingine.

Nisome hapo kama mhubiri. Hapa Sandoa, kama kote Kongo siku hizi, yako makanisa ya uamsho yanayoita watu waje kukatwa minyororo ya ukoo. Babu yako alikuwa mganga wa ngombo, akitikisa kikapu cha ramli, basi ndiyo maana biashara yako haiendi. Leta sadaka, tuvunje laana. Dawa wanayoiuza ni usahaulivu: kataa jina la babu, choma picha, usihudhurie matanga ya upande ule. Siwacheki. Mzigo wanaouona upo. Lakini wameukamata pasipo. Tembo wa nyuso nne na tembo wa nyuso tano wana kumbukumbu sawasawa kabisa. Wa kwanza hajasahau chochote ambacho wa pili anakikumbuka. Anayefungwa na siku yake ya kwanza hafungwi kwa sababu anaikumbuka, anafungwa kwa sababu anaitii mara nyingi mno.

Nabii Ezekieli alifika hapo kabla ya wanafizikia. Sura ya 18 inapinga msemo wa watu waliodai wanalipia zabibu kali walizokula baba zao, na namna inavyoupinga inanivutia kila nikiisoma: anawekwa baba mwema, kisha mwana katili, kisha mjukuu. Na huyo mjukuu hakufichwa mambo. Maandiko yanasisitiza kwamba aliziona dhambi zote za baba yake, akazitazama, asizifanye. Kumbukumbu nzima, utii umepunguzwa.

Kuna pia upande wa pili, ambao vijana huwa hawautarajii. Tengeneza tembo mwasi, ambaye dadu yake haina uso wa kutii hata mmoja: kila siku anaokota kumbukumbu na kufanya kinyume. Mpwa wangu aliapa kwamba huyo ndiye atakayefika mbali. Baada ya hatua 10,000 huwa kwenye hatua 58 hivi kutoka nyumbani, karibu zaidi kuliko yule asiyekumbuka lolote. Kukataa kila kitu ni kuhesabu kila siku kwa kipimo cha baba, ila kwa alama ya kutoa, na kutoa huku na kule kunajifuta. Nikamkumbusha Kinguri. Masimulizi yetu yanasema alipoona lukan, bangili ya ufalme, imekwenda kwa dada yake Ruwej, na dada akaolewa na Chibind Yirung, mwindaji mgeni kutoka Uluba, aliondoka na watu wake kwa hasira kuelekea magharibi, hadi nchi inayoitwa Angola leo. Na alipofika huko jina lake likawa nini? Cheo. Aliyemrithi Kinguri aliitwa Kinguri, na aliyemrithi huyo naye hivyohivyo. Aliikimbia Lunda akiwa ameibeba kichwani.

Hapo mpwa wangu alinyamaza kidogo, kisha akauliza jambo ambalo lilinifurahisha kama mwalimu na kunibana kama mhubiri. "Sasa dadu ni nani anaitengenezaka, Mjomba?"

Tembo wa Schütz na Trimper amepewa dadu moja kwa maisha yote, na hapo hanifai tena. Augustino, akisimulia miaka iliyotangulia kuongoka kwake Milano mwaka 386, anaeleza tabia iliyoachwa bila kupingwa mpaka ikawa lazima. Yaani kwake dadu yenyewe huongezeka nyuso za kutii kadiri unavyoitumia. Hilo ni baya kuliko tembo. John Wesley, baba yetu Wamethodisti, alikataa fundisho la Calvin kwamba Mungu amekwisha kuwagawa watu tangu mwanzo, akaihubiri mwaka 1739 neema iliyo ya bure kwa wote. Na alifundisha kwamba neema humtangulia mtu, inamfikia kabla hajaitafuta. Nimezisoma hotuba zake kwa Kifaransa kibaya cha tafsiri, na ninavyomwelewa, neema hiyo haikusahaulishi kitu na wala haikuchagulii hatua. Inakwaruza uso mmoja wa dadu. Kutoka tano hadi nne si wongofu wa kupigiwa vigelegele. Jirani hataona tofauti mwezi huu wala mwaka ujao. Lakini ndiyo tofauti kati ya tembo wawili niliokwisha kukueleza. Wesley mwenyewe aliandika kwamba jioni ile ya tarehe 24 Mei 1738 katika mtaa wa Aldersgate, London, moyo wake ulipata joto la ajabu; lakini katika shajara yake ya miezi iliyofuata mashaka yalirudi.

Yote hayo ni ya mtu mmoja na kichwa chake, na kwa kuwa ni ya mtu mmoja hayatoshi. Tembo yule anatembea peke yake. Mpwa wangu hakuwa peke yake.

Katika miaka ya 1980 Persi Diaconis na Don Coppersmith walianzisha hesabu ya namna nyingine, ambayo Diaconis hueleza ilitokana na kutembea katika mji mgeni: barabara uliyoipita jana unaelekea kuipita tena leo, na ukishaipita mara tatu inakuvuta. Hapa mtembezi hakumbuki kitu. Inayokumbuka ni njia. Kila anapopita, njia inakuwa nzito zaidi, na uzito huo unamngoja. Christophe Sabot na wenzake walikuja kuthibitisha jambo lenye kutisha kidogo: juu ya uwanda tambarare kama ramani ya mitaa, hata kama uvutano huo ni dhaifu sana, mtembezi atarudi alikoanzia, tena na tena, bila mwisho. Lakini katika nafasi yenye vipimo vitatu, uvutano ukiwa dhaifu vya kutosha, anaweza kwenda asirudi.

Nani hajaziona njia za namna hiyo? Wafanyabiashara Pedro João Baptista na Amaro José walitoka Angola mwaka 1802 wakapita kwa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, hadi kwa Kazembe wa Luapula, wakifuata vijia vilivyokanyagwa na wabeba pembe na watumwa kabla yao. Baadaye wamisionari akina Springer, John na Helen, walipoivuka nchi hii mwaka 1907 kuelekea pwani ya Angola, hawakukata msitu mpya. Leo vijana wa kinga, baiskeli zilizofungwa magunia ya mihogo mpaka hazionekani, wanapita palipolainishwa na kinga za jana, na gari linalotoka Kolwezi linafuata mtaro uleule ambao liliuchimba lenyewe msimu wa mvua uliopita.

Na Kolwezi yenyewe. Kaka wa mpwa wangu alikuwa miongoni mwa waliokimbilia mtaa wa Kasulo mwaka 2014, baada ya kobalti kugunduliwa chini ya viwanja vya nyumba. Watu walichimba sebuleni, wakatandika turubai juu ya shimo ili jirani asijue, na jirani naye alikuwa chini kwake anachimba. Machi 2018 tani ya kobalti ilipita dola 90,000 katika soko la London. Mwaka uliofuata ilikuwa imeshuka chini ya dola 35,000, na njia haikupungua watu. Kila aliyetangulia aliiacha nzito zaidi kwa anayefuata: jina la bwana wa shimo, kona ya kulala, rafiki wa kukopesha nauli, deni la kulipa. Mtoto akisema Mungu ameandika, mara nyingi anachokisoma ni hicho, mwandiko wa miguu ya watu. Ezekieli hana la kusema juu ya njia. Alizungumzia baba na mwana. Kumkwaruzia kijana uso wa dadu na kumwacha kwenye barabara moja tu inayopitika ni neema ya nusu, na kanisa langu limekuwa likitoa nusu hiyo kwa miaka mingi. Shule inayofika mwisho, kazi inayolipa Sandoa, daraja lisilosombwa na maji: hizo nazo ni kazi za kidini, kwa sababu zinaongeza njia, na mtembezi asiye na njia ya pili, dadu yake haina maana.

Mpwa wangu alimaliza mwaka ule wa shule. Kisha akaenda Kolwezi. Hachimbi, anatengeneza pikipiki karibu na soko, na wateja wake karibu wote ni wachimbaji, kwa hiyo sijui niseme njia imemwacha au imemchukua kwa mkono mwingine. Aliponipigia simu mara ya mwisho aliniuliza juu ya robo tatu yenyewe, tembo aliye mpakani kabisa, maana dadu ya ludo haiwezi kumtengeneza. Unahitaji vikaratasi vinne kwenye kofia, vitatu vya kutii na kimoja cha kukataa.

Nilikaa na kalamu jioni nzima. Huyo tembo siku yake ya kwanza huzama, kama ya yule wa nyuso nne, lakini kwa uvivu usio na kifani. Nimempa hatua 25,000, kama miaka 68, umri ambao kwetu mtu anazikwa akiitwa mzee. Urithi wa siku ya kwanza ulikuwa hatua 178, na bahati ya maisha yote hatua 486. Nimemwandikia kwamba ni zaidi kidogo ya theluthi, na kwamba hata akimpa tembo huyo hatua milioni itashuka kidogo tu.